Mzoga, Chembe na Kinasaba: Historia ya Utambuzi wa Homa ya Nguruwe ya Afrika

Utangulizi

Insha hii inachunguza historia ya utambuzi wa homa ya nguruwe ya Afrika, yaani njia ambazo wataalamu wa mifugo walizitumia kuthibitisha kwamba nguruwe aliyekufa mbele yao ameuawa na kirusi hiki na si na kitu kingine. Kipindi kinachohusika kinaanza na milipuko iliyotokea Kenya katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, na kinaishia kwenye milipuko ya Tanzania ya kati ya mwaka 2010 na 2013. Historia ya vipimo husimuliwa mara nyingi kama ngazi, ambapo kila kipimo kipya kinasimama juu ya kile kilichopita na kukizidi. Msimamo wa insha hii ni tofauti. Kila kipimo kilijibu swali lililoulizwa na mtu fulani mahali fulani. Na swali la mlowezi wa Kenya mnamo mwaka 1912 halikuwa swali la serikali ya Hispania mwaka 1985, wala si swali la mfugaji wa Kyela mwaka 2011.

Istilahi zinahitaji maelezo mafupi. Kiswahili cha pwani kilikua miongoni mwa Waislamu, ambao kwao nguruwe ni haramu, na kwa hiyo msamiati wake wa ufugaji wa mnyama huyu ni haba ukilinganishwa na ule wa mbuzi au ng'ombe. Neno nguruwe lenyewe hutumika kwa wa kufugwa na wa porini pia. Hapa nguruwe ni yule wa bandani. Ngiri na nguruwe pori watatajwa kwa majina yao. Aidha, mafua ya H1N1 yalipoenea duniani mwaka 2009, watu wengi waliyaita homa ya nguruwe, jina lile lile ambalo wafugaji walikuwa wakilitumia kwa ugonjwa unaojadiliwa hapa. Magonjwa hayo mawili hayana undugu wowote. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika hakimwambukizi binadamu. Hata hivyo, mkanganyiko wa jina haukuwa jambo dogo, kwani ofisa ugani aliyesema kijijini kwamba "homa ya nguruwe imeingia" alilazimika kwanza kuondoa hofu ya watu juu ya afya zao kabla ya kufika kwenye hoja ya mifugo.

Ugonjwa uliotangulia

Haiwezekani kueleza ugumu wa kuutambua ugonjwa huu bila kumtaja pacha wake wa sura, homa ya nguruwe ya kale, iliyojulikana Marekani na Ulaya tangu karne ya 19. Mwaka 1885, Daniel Salmon na Theobald Smith, waliokuwa wakifanya kazi katika idara ya kilimo ya Marekani, walipata bakteria katika nguruwe waliokufa kwa ugonjwa huo wa kale na wakaamini kwamba wamekipata chanzo chake. Jina la Salmon ndilo lililopewa jamii ya bakteria hao, salmonela. Takriban miaka 20 baadaye, Emil de Schweinitz na Marion Dorset walipitisha majimaji ya nguruwe wagonjwa katika vichujio vilivyozuia bakteria wote, kisha wakawachoma sindano nguruwe wazima kwa majimaji hayo yaliyochujwa. Nguruwe waliugua. Chanzo kilikuwa kitu kidogo kuliko bakteria, nao wale bakteria wa Salmon na Smith walikuwa wapangaji tu walioingia katika nyumba iliyokwisha kubomoka.

Kisa hiki kina umuhimu wa moja kwa moja kwa Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1910, mtaalamu wa mifugo aliyesomea Uingereza alikuwa na mambo matatu mikononi mwake: alijua kwamba kuna homa ya nguruwe inayosababishwa na kirusi kinachopita kwenye kichujio, alijua kwamba nguruwe aliyepona homa hiyo hapati tena, na alijua kwamba seramu ya nguruwe aliyepona humkinga mwingine. Alipokutana na nguruwe wenye homa kali, masikio yaliyogeuka rangi ya zambarau na vifo vya ghafla, jibu lilikuwa tayari limeandikwa vitabuni.

Kabete na nguruwe kama kipimo

Robert Eustace Montgomery alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mifugo katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Jina lake linakumbukwa pia kwa maelezo yake ya mwaka 1917 juu ya ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ambao alionyesha kwamba huenezwa na kupe. Makala yake juu ya nguruwe ilichapishwa mwaka 1921, lakini milipuko aliyoieleza ilikuwa imetokea katika muongo uliotangulia. Walowezi walikuwa wameingiza nguruwe wa Kizungu na kuwafuga katika maeneo ambayo ngiri na nguruwe pori walikuwa wakipita usiku. Karibu nguruwe wote walioshikwa walikufa. Homa ya kale, kwa ukali wake wote, huacha manusura zaidi ya hapo.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni namna Montgomery alivyolitenganisha tatizo. Dalili hazikumsaidia. Joto la mwili hupanda katika magonjwa yote mawili. Nguruwe huacha kula, hujikusanya pamoja, huyumba nyuma, na ngozi ya masikio na tumbo hubadilika rangi. Mzoga ulisaidia kidogo zaidi. Katika homa ya Afrika, wengu huweza kuvimba mara kadhaa ya ukubwa wake na kuwa mweusi, laini kiasi cha kupasuka unapoguswa, na tezi za limfu za tumboni huonekana kama mabonge ya damu. Katika homa ya kale, wengu kwa kawaida hauvimbi namna hiyo, bali huwa na mabaka meusi ukingoni, na utumbo mpana waweza kuwa na vidonda vya duara mfano wa vifungo vya shati. Hata hivyo, hizi ni tofauti za kiwango. Mzoga uliokaa juani nusu siku kabla ya mkaguzi kufika huzifuta karibu zote.

Hivyo Montgomery alikwenda kwenye kinga. Iwapo ugonjwa wa Kenya ulikuwa homa ya kale, basi nguruwe mwenye kinga dhidi ya homa ya kale angepaswa kustahimili. Nguruwe wenye kinga hiyo walipopewa damu kutoka katika milipuko ya Kenya walikufa kama wenzao. Seramu iliyowakinga nguruwe dhidi ya homa ya kale haikuwakinga dhidi ya hii. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba virusi hivyo ni viwili, vilivyofanana kwa madhara na kutofautiana kabisa kwa asili. Alimshuku pia ngiri kuwa ndiye anayekihifadhi kirusi bila yeye mwenyewe kuugua, dhana ambayo Steyn aliitilia nguvu kwa majaribio huko Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kwa muda wa takriban miaka 40 iliyofuata, mantiki ya jaribio hilo ndiyo iliyokuwa kipimo chenyewe. Aliyetaka uhakika alichukua damu au wengu wa mzoga, akawachoma sindano nguruwe wa makundi mawili, waliochanjwa dhidi ya homa ya kale na wasiochanjwa, kisha akasubiri. Wakifa wasiochanjwa pekee, ugonjwa ni ule wa kale. Wakifa wote, ni wa Afrika. Kwa upande wa mantiki, kipimo hiki hakina kasoro, na kwa maoni ya mwandishi hakuna kilichofuata kilichokuwa na uwazi kama huo: kila aliyesimama mlangoni mwa banda angeweza kuyasoma matokeo. Kwa upande wa matumizi, kilikuwa mzigo. Kilihitaji nguruwe wenye historia inayojulikana, mabanda yaliyotengana, wahudumu wasiobeba uchafu kutoka banda moja hadi jingine, na muda usiopungua wiki moja, mara nyingi zaidi. Nguruwe mwenye homa kali ya Afrika kwa kawaida hufa kati ya siku ya 6 na ya 13. Maana yake ni kwamba jibu lilifika shambani wakati swali limekwisha kufukiwa.

Kwa mlowezi, kasoro hiyo ilivumilika, kwa sababu hatua iliyochukuliwa haikusubiri kipimo. Uzio madhubuti wa kumtenga nguruwe na ngiri ulitosha kwa yule aliyekuwa na fedha za kuujenga. Mwafrika aliyefuga nguruwe wawili au watatu wa kuzurura hakuingia katika hesabu hiyo.

Muguga, 1960

Mwaka 1957 ugonjwa ulitokea Ureno, karibu na Lisbon, ukiwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika. Ulizimwa, ukarudi mwaka 1960, na mwaka huo huo ukavuka kuingia Hispania. Ghafla ugonjwa wa pembezoni mwa dola ukawa tishio kwa nyama ya Ulaya, na macho ya Marekani yakageukia huko pia. Haikuwa bahati tu kwamba kipimo kipya kilipatikana wakati huo huo. Fedha na watu walikuwa wameanza kwenda mahali ugonjwa ulipojulikana.

Mahali hapo palikuwa Muguga, magharibi ya Nairobi, katika Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo William Malmquist, mtafiti kutoka Marekani, na mwenzake Hay walikuza chembe nyeupe za damu ya nguruwe na za uboho katika vyombo vya kioo, wakaongeza kirusi, na wakaona jambo ambalo hawakulitarajia. Chembe nyekundu za damu zilizobaki humo zilijikusanya na kunata kuizunguka kila chembe nyeupe iliyoambukizwa, mfano wa tunda la stafeli lililojaa miiba pande zote. Chembe zisizoambukizwa zilibaki uchi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1960, na mwaka huo huo Hess na DeTray wakaeleza namna ya kuigeuza ajabu hiyo kuwa kipimo cha kila siku.

Thamani ya ugunduzi huu ilitokana na homa ya kale. Kirusi cha homa ya kale hakisababishi mnato huo, na hakuna kirusi kingine cha nguruwe kinachousababisha katika chembe nyeupe. Kwa hiyo mtaalamu aliyeona chembe nyekundu zimenata alikuwa na jibu lisilohitaji mnyama hata mmoja kuuawa kwa ajili ya jaribio, na aliweza kulipata kati ya siku moja na sita. Lile kundi la nguruwe waliochanjwa la zama za Montgomery lilikuwa limeingia ndani ya chupa.

Lakini kipimo kilikuja na kasoro yake, na kasoro hiyo haikuonekana mara moja. Palipatikana virusi vya homa ya Afrika visivyosababisha mnato. Vingi vya hivyo vilikuwa dhaifu na kusababisha ugonjwa wa polepole, ingawa si vyote. Sababu ya kitu hiki ilieleweka tu katika miaka ya 1990, ilipojulikana kwamba mnato unatokana na protini moja ya kirusi, na kwamba kirusi chaweza kuishi bila protini hiyo au kikiwa nayo katika hali mbovu. Hivyo kipimo kilichokuwa na uhakika kamili kiliposema "ndiyo" hakikuwa na uhakika huo kiliposema "hapana". Isitoshe, kilihitaji chembe nyeupe mbichi zilizotolewa katika nguruwe mzima kila mara, na sampuli isiyooza. Nyama iliyosafiri siku tatu ndani ya basi bila barafu hujaa bakteria, nao huziua chembe kabla kirusi hakijafanya kazi yake.

Papasi

Mtazamo wa utambuzi ulipanuka kwa njia nyingine pia. Mwaka 1963 Carlos Sánchez Botija alionyesha kwamba papasi wa Hispania, Ornithodoros erraticus, hubeba kirusi hiki. Mwaka 1969 Walter Plowright, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa chanjo ya sotoka, pamoja na wenzake wa Muguga, walitoa taarifa ya kukipata kirusi ndani ya papasi wa jamii ya moubata waliokusanywa katika mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Fumbo la Montgomery lilipata jibu. Ngiri mdogo huambukizwa shimoni na papasi, kirusi huzunguka katika damu yake kwa muda mfupi bila kumdhuru, na papasi hukihifadhi kwa miaka.

Kwa msomaji wa Kiswahili, papasi si mdudu mgeni. Ni yule yule anayejificha katika nyufa za kuta za udongo na kuleta homa ya papasi kwa binadamu. Utafiti uliofanyika Malawi katika miaka ya 1980 ulimkuta pia ndani ya mabanda ya nguruwe wa vijijini, akikibeba kirusi. Kwa hiyo banda lililoachwa wazi baada ya nguruwe wote kufa si lazima liwe banda salama, na utambuzi unaomtazama nguruwe peke yake unaweza kutangaza mwisho wa mlipuko ambao haujaisha.

Kipimo kama amri: Iberia na Haiti

Baada ya mwaka 1960 swali la Wareno na Wahispania lilibadilika. Wareno walijaribu chanjo ya kirusi kilichodhoofishwa, na nguruwe wengi waliochanjwa wakapata ugonjwa sugu, vidonda vya ngozi na uvimbe wa viungo, huku wakiendelea kubeba kirusi. Nchi hizo mbili zikabaki na nguruwe walioonekana wazima wakiwa na ugonjwa. Dhidi ya mnyama wa namna hiyo, mnato haukuwa na msaada mkubwa. Kilichohitajika kilikuwa kingamwili. Kwa kuwa hapakuwa na chanjo iliyoruhusiwa, kila nguruwe mwenye kingamwili alikuwa amewahi kuambukizwa, hapakuwa na maelezo mengine. Vipimo vya kingamwili vilivyoweza kupima mamia ya sampuli za seramu kwa siku vilipatikana kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Hispania ilianza mpango wake wa kutokomeza ugonjwa mwaka 1985, na kufikia mwaka 1995 ilitangazwa kuwa huru. Hapo kipimo kilikuwa amri: seramu ikionyesha kingamwili, nguruwe anachinjwa na mwenye mali analipwa.

Haiti hadithi ni nyingine. Ugonjwa ulithibitishwa katika Jamhuri ya Dominika mwaka 1978, na Haiti mwaka 1979. Kirusi kilichokuwa huko hakikuua kama kile cha Kenya, na nguruwe wengi wa kienyeji walinusurika. Swali kwamba nguruwe gani ana ugonjwa halikuulizwa tena. Chini ya mpango uliofadhiliwa hasa na Marekani, nguruwe wote wa nchi, wagonjwa na wazima, waliondolewa kufikia katikati ya miaka ya 1980. Kwa mkulima wa Haiti nguruwe mweusi wa kienyeji alikuwa benki: alikula mabaki, aliuzwa mtoto alipoanza shule au mtu alipofariki. Nguruwe wa Kimarekani walioletwa badala yake walihitaji chakula cha kununua na banda la saruji. Ni vigumu kuukubali utetezi kwamba sayansi ilidai hatua hiyo. Sayansi ilikuwa tayari na vipimo vya kumtenga mwenye kirusi na asiye nacho. Kilichokosekana ni nia ya kuvitumia kijiji kwa kijiji, na hofu ya wafugaji wa Marekani ilikuwa na uzito kuliko akiba ya mkulima wa Artibonite.

Kurudi nyumbani

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi zake za pamoja ziligawanyika. Muguga ilibaki Kenya. Kwa Tanzania, maabara ambayo watafiti wake walikuwa wamekusanya papasi katika mashimo ya nchi hiyo ilikuwa sasa ng'ambo ya mpaka. Vipimo vya kingamwili vilivyoisaidia Iberia havikuwa jawabu kamili hapa, kwa sababu nguruwe anayekufa katika wiki ya kwanza anaweza kufa kabla kingamwili hazijaonekana. Mfugaji aliyepeleka seramu ya mgonjwa wa siku nne aliweza kurudishiwa jibu la "hana", na jibu hilo likawa sahihi na la kupotosha kwa wakati mmoja.

Kipimo cha kurudufu vinasaba ndicho kilichoziba pengo hilo. Hakihitaji kirusi kiwe hai, wala chembe mbichi, na damu iliyooza bado yaweza kusomeka. Tena kinaeleza zaidi ya kuwepo kwa ugonjwa. Kwa kusoma sehemu ya kinasaba cha protini ya ganda iitwayo p72, watafiti wamevigawa virusi katika makundi zaidi ya 20, ingawa hesabu hiyo imeanza kupingwa katika miaka ya karibuni. Makundi hayo ndiyo yaliyoeleza asili ya mlipuko wa Georgia mwaka 2007. Vifo vya nguruwe karibu na bandari ya Poti vilihusishwa kwanza na kirusi kingine kabisa. Maabara ya Pirbright, Uingereza, ilipothibitisha homa ya Afrika mwezi Juni, kirusi kiliangukia kundi la II, lile la Msumbiji, Madagaska na Zambia. Kutoka Georgia kilienea Urusi na Ulaya ya Mashariki, na Agosti 2018 kikathibitishwa China. Wiki chache za kutaja ugonjwa usio wenyewe hazikuwa sababu pekee, lakini ndizo zilizompa kirusi muda wa kutawanyika.

Nchini Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliukuta kundi lile lile la II katika milipuko ya mwaka 2010 hadi 2012, iliyoigusa Mbeya na kufika Dar es Salaam. Katika mlipuko wa kaskazini mwaka 2013 walikuta kundi la X, lenye makao ya zamani Afrika Mashariki. Matokeo haya yana maana ya kiutawala. Kundi la II kusini linaelekeza macho kwenye barabara na biashara ya nguruwe na nyama kutoka nchi jirani za kusini. Kundi la X kaskazini linaelekeza kwenye chanzo kilichokuwapo nyumbani siku zote. Karantini ya mkoa inayofaa dhidi ya lile la kwanza haitoshi dhidi ya la pili.

Lakini mfugaji mdogo hamwulizi ofisa wa mifugo juu ya kundi la kinasaba. Anauliza kama awauze leo. Katika sehemu kubwa ya Afrika, tofauti na Hispania, hakuna fidia kwa nguruwe anayechinjwa kwa amri. Nguruwe wa kwanza akifa, mwenye zizi anajua kwamba akisubiri sampuli ifike maabara na jibu lirudi, kitakachobaki ni mizoga na marufuku ya kuuza. Akiwauza jioni hiyo kwa mchinjaji, hata kwa nusu ya bei, ada ya shule imepatikana; na kirusi, ambacho hukaa katika nyama mbichi kwa wiki nyingi, na katika iliyogandishwa kwa muda mrefu zaidi, kimepanda pikipiki kwenda kijiji cha pili. Mtu huyu hajakosa utambuzi wa ugonjwa. Mara nyingi ameutambua kabla ya maabara, kwa masikio ya zambarau na kwa wengu uliopasuka mkononi mwa mchinjaji, na ni utambuzi huo huo unaomsukuma kuuza.